Sehemu ya 6: Leo waimbaji tuwaache kidogo

Leo chanjo tuziweke kando, tuongee muziki.

"Sina Makosa" ya Les Wanyika umeshaisikia kwenye daladala ukienda mjini, na harusini umeicheza. Iweke tena, ila safari hii fuata gitaa la besi la Tom Malanga. Linatembea taratibu, linaacha nafasi, linarudi palepale. Juu yake kuna gitaa la rithimu la Omari Shabani, mtunzi wa wimbo wenyewe: halikimbii wala halichoki. Hayo mawili ndiyo yanayokuinua kwenye kiti.

Hawa walikuwa Watanzania waliokwenda kutafuta maisha Nairobi. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walianzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 Malanga, Shabani na mpiga dramu Rashid Juma wakajitoa, wakaunda Les Wanyika. Yaani bendi mpya ilibebwa na wale ambao jukwaani hukaa nyuma ya mwimbaji!

Sasa unesi wangu: mimba ikikaribia miezi sita, mtoto huanza kusikia, na sauti nzito ndizo humfikia vizuri zaidi. Besi ataipata kabla ya maneno. Sauti iwe ya kawaida tu, spika usiibandike tumboni.

Akikua, mtajie na majina: Malanga, Shabani, Juma. Wimbo atarithi tu, majina asipoambiwa yanapotea.