Faili la SQL kuita faili lingine: \i ikigoma, jaribu \ir

Umepanga kazi vizuri. Faili katavi.sql linaita tanganyika/wilaya.sql, nalo linaita kata/ikola.sql lililomo humohumo ndani ya folda la tanganyika. Ulipojaribu wilaya.sql peke yake, ukiwa ndani ya folda lake, lilipita. Sasa umepanda juu, umeendesha katavi.sql, na psql inakujibu "No such file or directory". Faili lipo, unaliona kwa macho!

Shida ni \i. Yenyewe haijali faili linaloita liko wapi, inatafuta kuanzia kwenye folda ulimofungulia psql. Dawa ni \ir, ambayo inahesabu kuanzia folda la faili linaloita. Iliingia PostgreSQL 9.2 mwaka 2012, mwaka uleule Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa. Ndani ya wilaya.sql andika:

\ir kata/ikola.sql
\ir kata/karema.sql

Lakini kasheshe kubwa siyo hiyo. Kwa kawaida psql ikikosa faili inatoa onyo, halafu inaendelea na mstari unaofuata. Karema inaingia, Ikola haimo, maandishi yanapita kwenye skrini na wewe umeenda kunywa chai. Kesho yake jumla ya wilaya ina pengo na hakuna anayejua limetoka wapi. Kwa takwimu za afya hilo si jambo la mchezo, na DHIS2 inayotumika nchini inakaa juu ya PostgreSQL hiyohiyo.

Endesha hivi:

psql -d takwimu -v ON_ERROR_STOP=1 -1 -f katavi.sql

ON_ERROR_STOP inasimamisha kila kitu kosa likitokea, hata kama liko ngazi ya tatu chini. Ile -1 inafunga kazi yote kuwa muamala mmoja: yaingie yote au lisiingie hata moja. Usitumie -1 peke yake. Faili lililokosekana si kosa la SQL, seva haina habari nalo, kwa hiyo muamala utathibitishwa na pengo lake. Na ukute mtu ameweka COMMIT ndani ya ikola.sql, basi ulinzi wote umevunjika hapo.

Ikiisha, andika echo $? kwenye Linux. Ukiona 0 ni salama, ukiona 3 skripti imekwama njiani.

Wa Oracle, kwenye SQL*Plus tofauti ni @ na @@, hii ya pili ndiyo ndugu yake \ir, na mwisho ni ngazi 20. Kwa source ya MySQL na .read ya SQLite njia huanzia pale uliposimama, kwa hiyo simama folda la juu kabisa na uandike njia zote kuanzia hapo.

Jambo moja zaidi: mafaili haya husomwa kwenye mashine inayoendesha psql. Ukiwa Ikola umeingia kwa ssh kwenye seva iliyoko Mpanda, yapeleke kwanza kule.