Safu ya Lugha: Mahuluti na Mseto

Jumapili iliyopita, nikikatiza uani mwa majengo yetu ya Nyayo Highrise, nilimkuta jirani ameliinamia lori lake kuukuu la Bedford, pistoni zimepangwa juu ya gunia na ringi mpya zingali katika karatasi ya mafuta, na kijana wake akanieleza kwa fahari kwamba mzee anaifufua “injini haibridi”, kwa kuwa bloku ni ya lori hilo na silinda hedi imetoka kwa jingine. Neno hilo, ambalo kwa Warumi lilikuwa jina la mtoto wa nguruwe jike wa kufugwa na dume la mwitu, limetekwa na wauza magari tangu Toyota ilipotoa Prius mwaka 1997, hata sasa haliwaziwi ila petroli na umeme.

Nasi tunalo letu, mahuluti, tulilolipata kwa Waarabu, yaani kilichochanganywa kikawa kitu kimoja. Na injini ya jirani ndiyo mahuluti hasa. Chotara silitaki hapa, maana hilo ni la damu, la watu na ng'ombe, wala chuma hakina nasaba. Ama Prius, hiyo ningeiita gari la mseto, kwa mfano wa mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja na bado kila punje yajulikana, kama mota na injini zilivyo mbalimbali chini ya boneti moja.

Nilipomweleza hayo, jirani hakuinua kichwa. “Iite utakavyo, mwalimu,” alisema, “mradi iwake.”