Viwanda, Wahamiaji na Bendera: Upanuzi wa Marekani Ng'ambo, 1880–1900

Tumezoea kuutafakari ukoloni wa Wajerumani na Waingereza. Ni mara chache tunauliza jinsi Marekani, taifa lililozaliwa kwa kuasi utawala wa kikoloni, lilivyojipatia makoloni.

Mwaka 1880 Marekani ilizalisha tani zipatazo milioni 1.25 za chuma cha pua. Mwaka 1900 zilizidi milioni 10. Katika miaka hiyo 20 wahamiaji karibu milioni 9 waliingia nchini, na wengi wao waliajiriwa viwandani na migodini. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, migomo na ukosefu wa kazi vilienea. Wafanyabiashara na wanasiasa wengi wakadai kwamba bidhaa zimewazidi wanunuzi, na kwamba dawa yake ni masoko ya ng'ambo pamoja na manowari za kuyalinda.

Kanisa nalo halikukaa kando. Mchungaji Josiah Strong, katika kitabu chake cha mwaka 1885, aliwaonya Waprotestanti juu ya hatari za wahamiaji, Ukatoliki na miji mikubwa. Papo hapo alifundisha kwamba Mungu ameiteua jamii ya Kianglosaksoni ienee duniani kote. Hivyo aliyemwogopa mgeni mlangoni pake ndiye aliyehalalisha kuingia nyumbani mwa wengine.

Mwaka 1898, baada ya vita na Hispania, Marekani ilitwaa Ufilipino, Puerto Rico na Guam. Hawaii pia ilitwaliwa mwaka huo. Hata hivyo, njia hiyo haikuwa ya lazima. Februari 1899 Baraza la Seneti liliupitisha mkataba kwa kura 57 dhidi ya 27, yaani kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizotakiwa. Miongoni mwa wapinzani walikuwamo wahamiaji wawili mashuhuri: Carl Schurz, mzaliwa wa Ujerumani, na Andrew Carnegie, mzaliwa wa Uskoti na tajiri wa chuma.

Jambo hili latuhusu. Sinodi ya Augustana, iliyoundwa na wahamiaji wa Skandinavia mwaka 1860, ilileta wamisionari Tanganyika katika miaka ya 1920. Tunaipokea Injili waliyoihubiri kwa shukrani. Lakini yatupasa kupima kila mahubiri yanayolifanya taifa lolote, hata letu, kuwa mteule wa Mungu juu ya mataifa mengine. Na kipimo cha kwanza ni jinsi linavyomtendea mgeni aliye malangoni mwake.