Mbinu za kuvutia wateja kwa wachuuzi wa vitafunio vya Pwani

CHEMA chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, methali hii pekee haimtoshi mchuuzi wa viazi karai, bajia au muhogo mjini Mombasa, kwani jirani yake huuza kitu kile kile. Mtaji wake aghalabu ni wa siku moja, na kisichonunuliwa jioni huwa hasara ya kesho.

Mbinu ya kwanza ni kuchagua mahali na saa. Mahamri na mbaazi hutafutwa asubuhi na watu wanaoelekea kazini. Viazi karai na muhogo hupata wanunuzi jioni, hasa karibu na kivuko cha Likoni na katika bustani ya Mama Ngina, ambako familia hupunga upepo. Katika mwezi wa Ramadhani, biashara huchangamka baada ya alasiri, Waislamu wanapotafuta kaimati na sambusa za kufuturu.

Ya pili ni kuchanganya bidhaa. Vyakula vilivyopikwa kwa tui la nazi huchacha upesi. Mabuyu, yaani mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari na kutiwa rangi, hudumu siku nyingi yakifungwa vyema. Anayeuza aina zote mbili hapotezi mtaji wote mvua inapowafukuza wateja.

Tatu ni usafi, ambao ni tangazo lisilo na gharama kubwa. Kabati la kioo huzuia nzi na vumbi, na bado mpita njia huona bidhaa. Karatasi safi ni bora kuliko gazeti kuukuu, ambalo wino wake huweza kushika chakula chenye mafuta. Cheti cha afya kinachohitajika kwa wanaoshughulikia vyakula kikiwekwa wazi, humwondolea mteja shaka.

Nne ni bei na malipo. Mafungu ya viwango tofauti humwezesha mwanafunzi kununua sawa na mwajiriwa. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, humfaa mteja asiye na pesa taslimu, na rekodi zake humsaidia mchuuzi kujua siku zenye mauzo mazuri.

Mwisho, ladha isibadilike. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchuuzi anayerudia mafuta yale yale au kupunguza ukwaju baada ya kupata umaarufu, huwafukuza wateja aliowatafuta kwa jasho.