Hii Ni Nyama ya Sehemu Gani? Historia Fupi ya Baga na Meza ya Nairobi

Katika Kiswahili cha Kenya, neno hoteli lina maana mbili zinazoishi pamoja bila kugombana. Hoteli ni jengo la ghorofa ambamo mgeni hulala. Hoteli pia ni kibanda cha mabati ambamo utingo wa matatu hunywa chai ya maziwa na kula mandazi mawili kabla ya jua kuchomoza. Majirani zetu wa Tanzania wangemtafutia huyu wa pili jina lake, mgahawa au kwa mama lishe. Sisi tulilichukua neno la nyumba tulizofungiwa milango, tukalibandika kwenye kibanda chetu wenyewe. Sidhani kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

Wakati wa ukoloni, hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, dobi au mtumishi aliyeitwa "boi" hata kama alikuwa na wajukuu. Alipika nyama asiyoruhusiwa kuiketia mezani. Chakula chake mwenyewe alikila Pumwani au Kariokor, katika vijumba vya chai na maandazi. Ubaguzi wa meza haukuwa jambo dogo pembeni mwa siasa. Ulikuwa siasa yenyewe. Wamarekani weusi walilijua hilo vyema. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne wa chuo waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakaomba kuhudumiwa, wakakataliwa, na wakakataa kuondoka. Hawakuwa na njaa ya kahawa. Walikuwa wakidai kwamba mtu anayekubaliwa kununua dawa ya meno katika duka lilelile hawezi kukataliwa kiti.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninapoandika juu ya baga usidhani nimeacha historia na kuhamia jikoni.

Mwezi uliopita binti yangu wa kwanza alipata barua ya kujiunga na chuo kikuu. Katika ukoo wetu habari ya namna hiyo hudai mnyama. Mama yangu, ambaye anaishi Machakos, alikuwa tayari amemtaja mbuzi na siku ya kumchinja. Binti akaomba kwa adabu kwamba kabla ya mbuzi wa nyumbani tuende sote katika mkahawa mmoja wa baga katikati ya jiji, si wa kampuni ya kigeni bali wa kijana mzalendo, hatua chache kutoka Barabara ya Muindi Mbingu. Mama alikubali kwa sababu aliyeomba ni mjukuu. Angeombwa na mimi, jibu lingekuwa tofauti.

Tuliketi watano. Baga zililetwa juu ya vibao vya mti, kila moja na chipsi zake na kachumbari kando. Mama aliinua mkate wa juu, akaitazama nyama ile ya duara, akaigeuza kwa uma, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo meza ya jirani ilisikia:

"Mwanangu, hii ni nyama ya sehemu gani?"

"Susu, imesagwa," binti akajibu kwa haraka. "Haina sehemu."

"Kila nyama ina sehemu," mama akasema. "Asiyekuambia sehemu anakuficha kitu."

Tulicheka, lakini mimi nimelibeba swali hilo tangu siku ile, kwa kuwa katika maneno machache limegusa mambo ambayo wanahistoria wa chakula wameyaandikia vitabu.

Katika jamii nyingi za nchi hii, mnyama wa sherehe hagawanywi ovyo. Kuna sehemu ya wazee, sehemu ya wanawake, sehemu ya vijana waliochinja, na sehemu ambayo mjomba akiikosa ndoa inaweza kuingia dosari. Nyama ni hati. Kwa kutazama kilichowekwa mbele ya mtu, mgeni angeweza kujua huyo ni nani na ana haki gani. Nyama ya kusaga inaifuta hati hiyo. Ikishapita katika mashine, kidari na shingo, bega na mabaki, ng'ombe wa huyu na ng'ombe wa yule, vyote huwa kitu kimoja. Hapo kuna usawa, maana mzee na mtoto wanakula kitu kilekile. Hapo pia kuna giza.

Wamarekani waliliogopa giza hilo kabla yetu. Chakula chenyewe kilichukua jina la Hamburg, bandari ya Ujerumani ambayo mamilioni ya wahamiaji walipitia kuelekea Marekani katika karne ya 19. Ni nani aliyeitia nyama hiyo ndani ya mkate kwa mara ya kwanza, miji kadhaa ya Marekani inagombania sifa hiyo hadi leo. Lisilogombaniwa ni kwamba mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha riwaya ya The Jungle kuhusu wafanyakazi wa machinjio ya Chicago. Alitaka wasomaji waumie kwa ajili ya wafanyakazi. Wao wakaumia kwa ajili ya matumbo yao. Mwaka huohuo bunge la Marekani likapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Nyama ya kusaga ikabaki na jina baya: chakula cha maskini, kilichofichwa kisichotajika.

Mwaka 1921, mjini Wichita, Kansas, Walter Anderson na Billy Ingram walianzisha White Castle, wakauza baga kwa senti 5. Jengo lilikuwa jeupe, na mpishi alichoma nyama mbele ya macho ya mteja. Weupe ule ulikuwa hoja: tazama, hatufichi kitu. Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliupanga upya mkahawa wao wa San Bernardino, California, kwa mtindo wa kiwanda. Walipunguza orodha ya vyakula, wakawaondoa wahudumu waliopeleka chakula kwenye magari, wakampa kila mfanyakazi kitendo kimoja cha kurudia kutwa nzima. Baga ikauzwa senti 15. Ray Kroc alipofungua tawi lake huko Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, kilichokuwa kinauzwa hakikuwa nyama tu, bali utaratibu unaoweza kuhamishwa popote bila kumhitaji mpishi. Swali la sehemu ya ng'ombe halikujibiwa. Lilifunikwa na imani kwa jina la kampuni.

Utaratibu huo ulitufikia kwa kuchelewa na kwa njia ya Uingereza. Wimpy, ambayo ilianza kuuza baga London mwaka 1954, inakumbukwa na wakazi wengi wa Nairobi wa rika la wazazi wetu kama mahali pa kumpeleka mchumba. KFC ilifika Nairobi mwaka 2011, na Burger King mwaka 2016. Kila ufunguzi ulipokewa kwa foleni na kwa picha, kana kwamba taifa limefaulu mtihani. Sina haja ya kuwakejeli waliopanga foleni. Watu ambao wazazi wao walikatazwa kuketi wana haki ya kufurahia kuketi.

Lakini sisi tuna sura yetu wenyewe katika historia ya nyama iliyopotezewa jina, na sura hiyo imeandikwa kwenye kibao cha barabara ile tuliyoipita kwenda kula.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilidai kwamba Ukambani kuna ng'ombe wengi kupita kiasi na kwamba udongo unamomonyoka kwa sababu yao. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Ambalo halikusemwa kwa sauti ni kwamba Wakamba walikuwa wamebanwa katika hifadhi baada ya sehemu ya malisho yao kugeuzwa mashamba ya walowezi, na kwamba amri ya kupunguza mifugo haikuwagusa walowezi hao. Wakati huohuo kampuni ya Liebig, iliyojipatia utajiri kwa kugeuza ng'ombe wa Amerika Kusini kuwa rojo na nyama ya makopo, ilijenga kiwanda Athi River. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi, na kiliwahitaji kwa bei ya chini. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kuchukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada.

Hapo ndipo alipotokea Muindi Mbingu. Mwishoni mwa Julai 1938, umati mkubwa wa Wakamba, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto wao, ulitembea kutoka Machakos hadi Nairobi kumtaka Gavana Brooke-Popham awasikilize. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Hawakuvunja duka wala kumrushia mtu jiwe. Walikaa tu, kama watakavyokaa vijana wa Greensboro zaidi ya miaka ishirini baadaye. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na unyang'anyi ule wa mifugo kabla ya mwaka kwisha. Kiwanda cha Athi River baadaye kikawa cha Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950.

Mama alizaliwa miaka michache baada ya msafara ule, na aliusikia kwa baba yake. Kwa watu wa kizazi chake, ng'ombe aliyeingia kiwandani alikuwa ng'ombe aliyekufa mara mbili: alikufa kwa kisu, kisha akafa kwa kukosa jina. Ng'ombe wa nyumbani alijulikana rangi, mama yake na mahari aliyotoka. Aliyetoka kwenye kopo hakujulikana chochote. Ndiyo maana swali lake pale mezani halikuwa la mtu wa shamba aliyeshangaa jiji. Lilikuwa swali la mtu anayekumbuka.

Na siku ile, kwa sifa ya mkahawa ule, lilipata jibu. Mhudumu alikwenda jikoni na kumwita mwenyewe, kijana mwenye aproni iliyochafuka kwa kazi. Alimsalimia mama kwa heshima, akamweleza kwamba anachanganya kidari na bega, kwamba anachagua nyama mwenyewe katika soko la Burma alfajiri na kuisaga asubuhi hiyohiyo. Mikate anaokewa na mama mmoja wa Eastlands. Viazi ni shangi kutoka Nyandarua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Sasa nitakula," akasema. Alikula, na achari ya tango peke yake akaiweka kando.

Jibu hilo la kijana lina uzito wa kiuchumi ambao hatuutilii maanani. Januari 2022, KFC hapa Kenya ilitangaza kwamba imeishiwa chipsi kwa sababu meli iliyobeba viazi imechelewa. Viazi, katika nchi ambayo wakulima wa Nyandarua, Meru na Nakuru huviona vikioza magunia kwa magunia msimu ukiwa mzuri! Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake wote lazima wapitie utaratibu wa kimataifa wa ubora. Wananchi wakakasirika mtandaoni, na kampuni ikasema itatafuta wakulima wa humu nchini. Hasira ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo, haikwenda mbali vya kutosha.

Nasema hivyo kwa sababu hata baga ya kijana wetu si ya nyumbani kikamilifu. Mkate wake ni ngano, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya inatoka nje, ikiwemo ya Urusi na Ukraine. Vita vya mwaka 2022 vilipoanza, bei ya unga ilipanda Nairobi, na mama yule wa Eastlands aliihisi vita hiyo ndani ya tanuri lake. Ngano yenyewe ililetwa na walowezi. Lord Delamere aliihangaikia Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, huku ugonjwa wa kutu ukimteketezea mazao. Leo tumeizoea kiasi kwamba chapati, iliyotufikia pamoja na Wahindi wa enzi ya reli, ndiyo chakula cha Krismasi katika nyumba nyingi za bara. Chakula cha kigeni kinaweza kuwa chetu. Sipingani na hilo, wala sijengi uzalendo juu ya sahani.

Ninachosema ni kwamba uzalendo wa chakula haupimwi kwa asili ya mapishi wala kwa bendera iliyo mlangoni. Unapimwa kwa swali la mama: je, kuna mtu katika nyumba hii anayeweza kuniambia nyama hii imetoka wapi, na aliyeifuga alilipwa nini? Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili katika kaunti kame za Kenya, na wafugaji wengi waliuza waliobaki kwa bei ya kutupa kabla hawajaanguka. Hakuna askari aliyewalazimisha kama ilivyokuwa mwaka 1938. Njaa iliwalazimisha, na bei ikapangwa, kama zamani, na mwenye kisu. Aliyekula baga Nairobi mwaka ule hakulipa pungufu hata shilingi moja.

Tumeshinda vita vya kiti. Hakuna hoteli jijini inayoweza kumfukuza Mwafrika kwa rangi yake, ingawa bei inawafukuza wengi kimyakimya. Vita vinavyofuata ni vya kile kinachowekwa mezani, na silaha yake ya kwanza ni swali linaloulizwa kwa sauti, mbele ya watu, bila kuona haya.