Gego la utoto likitoboka, usisubiri ling'oke lenyewe

"Si la utoto? Litang'oka tu." Jibu hili tunalisikia sana kila tunapozungumzia meno ya watoto wadogo na wazazi wa Ngara na Biharamulo. Kwa meno ya mbele lina ukweli kidogo, kwa sababu huanza kulegea mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Magego ni habari nyingine. Hayo hukaa mdomoni hadi miaka 10, mengine hadi 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 mwenye gego lililotoboka akiambiwa asubiri, anasubiri miaka 6 au zaidi, akitafunia upande mmoja na kulia usiku.

Meno ya utoto ni 20. La kwanza huota mtoto akikaribia miezi 6, na akifika miaka 3 kwa kawaida yote yameshatoka. Chini yake, ndani ya taya, meno ya ukubwani yanaendelea kujengeka. Usaha ukikaa muda mrefu kwenye mzizi wa jino la utoto unaweza kuliharibu lile la chini kabla halijaota.

Uozo hauanzi na maumivu. Inua mdomo wa juu wa mtoto wako mahali penye mwanga, utazame meno ya mbele pale yanapokutana na ufizi. Ukiona doa jeupe kama chokaa, huo ndio mwanzo. Hapo bado hakuna tundu na doa linaweza kuishia hapo hapo. Mpige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kama hajafika miaka 3, na kiasi cha njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Mswaki wa usiku ndio usiokosekana, na baada yake asile kitu. Usimwachie apige mwenyewe. Hadi miaka 7 au 8 mkono wake bado haufiki kwenye magego vizuri.

Kuhusu sukari, angalia zaidi ni mara ngapi inaingia mdomoni. Chai ya sukari asubuhi, pipi saa nne, muwa mchana, juisi ya pakiti jioni, kisha analala na chupa ya uji mtamu: meno ya mtoto huyo hayapumziki hata kidogo.

Tundu likishatokea, mswaki peke yake hautoshi. Wengi wanadhani hospitali kazi yake ni kung'oa tu, ndiyo maana wanachelewa. Tundu ambalo halijafika kwenye mshipa wa jino linaweza kuzibwa. Ipo njia isiyohitaji mashine wala umeme: mtaalamu anakwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha anaziba kwa saruji maalumu inayoshika kwenye jino na kutoa floraidi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi nyingine. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Jino lenye usaha au kijipu kwenye ufizi kwa kawaida hung'olewa, kwa ganzi. Kumeza amoksilini ya dukani hakuondoi chanzo. Uvimbe utashuka, kisha utarudi. Kwa maumivu mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini, na usiweke tumbaku wala maji ya betri kwenye tundu, yanaunguza.

Shavu au chini ya taya pakivimba, akawa na homa, akashindwa kufungua mdomo au kumeza, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Kwa Ngara zipo hospitali za Nyamiaga, Murgwanza na Rulenge. Biharamulo ipo hospitali ya wilaya. Anayetoka Kabanga au Nyakahura anajua nauli ya bodaboda ilivyo, hivyo uliza kwanza kwenye zahanati yako huduma ya meno inapatikana wapi na siku gani, na uulize wazi: "Wanaziba, au wanang'oa tu?" Kwa sera ya afya, mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi fedha za matibabu kwenye vituo vya umma.

Tusichanganye haya na yale yanayoitwa meno ya plastiki. Hayapo. Anayempasua ufizi mtoto mchanga mwenye homa na kuhara anamtoa kichipukizi cha jino lake halisi, huku mtoto akihitaji kupimwa malaria na kupewa ORS.

Jambo la mwisho tunaliona likiwapita wengi. Mtoto akifika miaka 6 gego jipya huota nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi hudhani nalo ni la utoto, wakaliacha lioze. Hilo ni la ukubwani, na likishang'olewa halioti jingine.