Kazi za Rubani Juu ya Machakos

Njia ya anga kati ya Nairobi na Mombasa hupita juu ya nchi ya Machakos na Makueni. Ndege ya abiria inayokwenda pwani hufika hapo ikiwa bado inapaa, na inayotoka pwani hufika ikiwa tayari inashuka. Kwa rubani anayeruka kwa kutegemea vyombo, sehemu ya katikati ya safari hii, ambayo abiria huiona kuwa ya mapumziko, ni fupi na ina kazi nyingi. Kazi hizo zimebadilika sana tangu ndege za kwanza kupita hapa.

Kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson pamoja na rubani Tom Campbell Black. Katika ndege zake ndogo, rubani alishika usukani, akasoma ramani na kupima mafuta peke yake. Alama zake zilikuwa chini: reli, mbuga za Athi na Kapiti, vilima vya Mua, na Kilimambogo chenye urefu wa mita 2,145. Mawingu mazito ya Julai yakivifunika vilima asubuhi, alama hizo zilitoweka, na mwenye busara alirudi alikotoka. Mwaka huohuo wa 1929, tarehe 24 Septemba, Mmarekani James Doolittle alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akiongozwa na vyombo na redio tu. Ilithibitika kwamba wingu linaweza kupitwa, lakini kwa sharti gumu: macho yaliyozoea kutazama ardhi yaanze kuzunguka kwenye saa za vyombo bila kukoma, yasigande kwenye chombo kimoja.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza mwaka 1946, mzigo ulikuwa umeanza kugawanywa. Rubani alikuwa na msaidizi, na katika ndege kubwa za enzi hiyo waliongezeka mtaalamu wa redio, mpimaji njia na injinia. Kazi ya safarini ilikuwa na mzunguko wake. Ndege ikipita juu ya mtambo wa redio wa kuongozea, mmoja aliandika saa, akalinganisha na saa iliyokadiriwa, akapata kasi halisi juu ya ardhi, kisha akakadiria saa ya kufika kituo kinachofuata. Mafuta yaliyobaki yalilinganishwa na mpango. Ndipo ripoti ikatumwa kwa waongozaji: jina la ndege, mahali ilipo, saa, kimo, kituo kinachofuata na saa ya kufika.

Kwa mtazamaji hayo yangeonekana kama ukarani, lakini ndani ya wingu ndiyo yaliyolinda uhai. Tarehe 18 Mei 1955, ndege ya shirika hilo aina ya Dakota iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Kimo cha usalama hakina maana kikitenganishwa na mahali: futi zinazotosha kabisa juu ya mbuga za Athi ni kifo karibu na mlima ule.

Kimo chenyewe kina kanuni yake. Ndege inayoelekea upande wa mashariki hushika maelfu ya futi ya witiri, na inayoelekea magharibi hushika ya shufwa. Hivyo inayokwenda Mombasa yaweza kuwa futi 25,000 na inayorudi futi 26,000, zikapishana njiani salama, mradi marubani wote wawili wameweka altimita zao kwenye kipimo kimoja cha mgandamizo wa hewa.

Tukio linalostahili kukumbukwa zaidi kuhusu anga ya Nairobi ni la tarehe 3 Septemba 1974. Boeing 747 ya British Airways, ikija kutua, iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani walisikia 5,000, wakaiweka hiyo. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo waliagiza ndege yao iende chini ya ardhi. Waliinyanyua ikiwa imebakiza futi zipatazo 70. Hawakuwa wazembe. Walikuwa na mengi ya kufanya kwa wakati mmoja, na hakuna aliyebaki na nafasi ya kuilinganisha tarakimu ile na kimo cha uwanja.

Miaka miwili kabla, huko Florida, marubani wawili na injinia wa ndege ya Eastern Air Lines walishughulikia taa ndogo iliyoungua, ndege ikashuka polepole hadi ikaanguka kinamasini. Kutokana na ajali za namna hiyo, mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha mkutano uliozaa mafunzo ya ushirikiano wa marubani. Tangu hapo kazi hugawanywa waziwazi: mmoja anairusha ndege, mwingine anaangalia na kuzungumza na redio, na kila kimo kipya husemwa kwa sauti na kuthibitishwa na wote wawili.

Leo mpimaji njia na injinia hawamo tena, na kompyuta hukokotoa saa na mafuta. Hesabu ya kushuka, hata hivyo, bado hufanywa kichwani kama kipimo cha kuikagua kompyuta: maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000. Kutoka futi 28,000 hadi uwanja wa Nairobi ni takriban maili 70, yaani kilomita 130. Kwa hiyo rubani anayetoka Mombasa hulazimika kuwa amepokea habari za hali ya hewa, ametayarisha redio za kuongozea kutua na amekubaliana na mwenzake kuhusu vimo vya usalama kabla ya kufika Machakos. Akianza matayarisho hayo vilima vya Mua vikiwa chini yake, amechelewa.